Ndoo ya asali niliyompelekea wakili

Leo nimempelekea wakili zawadi, nikarudi nyumbani na mti.

Ni mama wa makamo, ndiye aliyenisimamia kununua nyumba yangu hapa Mtendeni. Nilisubiri hati iwe mkononi kwanza ndipo nikampelekea asali, asije akadhani namhonga.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akafunua, akanusa, akafumba macho. Ofisi nzima ikanukia pori la kwetu Goweko.

Sasa mimi nikaharibu.

"Samahani mama, ndoo naomba nirudi nayo. Ni ya mama yangu."

(Mama alisisitiza kwenye simu. Mnawajua mama zetu na ndoo zao.)

Wakili akahamishia asali kwenye jagi la maji, akaiosha ndoo, kisha akasimama akiangaza. Mafaili, muhuri, feni.

"Siwezi kukurudishia ndoo tupu, mwanangu. Mama yako atanionaje?"

Nikasema haina shida. Alishatoka nje zamani, na viatu vyake vya ofisini, anang'oa mche wa mpapai ulioota penye bomba. Akautia ndooni pamoja na udongo wake.

Jioni hii nimeupanda uani. Nyumba haina hata kiti. Nimekaa chini kwenye saruji yenye joto la jua, nauangalia, na naona kabisa watoto ambao sijawazaa wakigombea papai.

Papai la kwanza ni la wakili, hilo halina ubishi.

Ila ndoo imebaki tupu tena, na kesho inarudi kwa mama. Naangaza nyumba nzima kama wakili alivyoangaza ofisi.

Jamani, niweke nini?