Mchumba wa Mdogo Wangu Alikuwa Mgonjwa Wangu

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka 29, nasomea uzamili wa saikolojia tiba, sasa niko mafunzo kwa vitendo hospitali moja huku Kahama. Nyumbani wananiita daktari wa vichaa, nimeshachoka kuwaelekeza.

Mwanzoni mwa mafunzo nilimhudumia kijana mchimbaji. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliwaporomokea machimboni upande wa Geita, wenzake wakafa, yeye akatolewa hai. Tangu hapo anapigana usingizini. Alinisimulia huku analia kwamba usiku mmoja aliamka mikono yake imemkaba mkewe shingoni. Mke akakimbia moja kwa moja. Tulianza matibabu vizuri, kisha akaacha kuja.

Jumapili moja mwezi uliopita wakaja wageni wa kumposa mdogo wangu. Natoka na trei ya soda, nainua macho, ni yeye! Akasimama haraka: "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba kama sijawahi kumuona, maana ndivyo tulivyofundishwa, mgonjwa ukikutana naye nje humjui. Baba anacheka, anamwita mkwe.

Baadaye akanifuata jikoni. "Dada, nampenda kweli. Usiniharibie."

"Umemwambia?"

"Nikimwambia ataondoka kama yule."

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja. Huyu si mtu mbaya jamani, ni mgonjwa aliyekatisha matibabu.

Nikampigia msimamizi wangu. Akasema siri ya mgonjwa inavunjwa pale tu maisha ya mtu yakiwa hatarini. Nikamuuliza, kukabwa usingizini siyo hatari? Akasema, "Mshawishi arudi kliniki, aseme mwenyewe." Arudi vipi wakati simu zangu hapokei? Na harusi ni Jumamosi hii!

Jana mdogo wangu kaja chumbani kwangu, kasuka, anang'aa. "Dada, wewe ndiyo unasomea watu. Huyu unamuonaje?"

Nikamjibu, "Ni mtu mwema." Na ni kweli. Akanikumbatia, akatoka mbio kumpigia simu: "Dada kakukubali!"

Nikisema, naweza kufukuzwa chuo, na yule kijana hatamwamini tena mtaalamu yeyote. Nikinyamaza, anayekwenda kulala ubavuni mwake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Ingekuwa ni mdogo wako, ungesema au ungekaa kimya?