Kijiko cha Tano

Mwalimu wetu wa asilimia hapa Patna, India, ana vidole vyeupe kwa chaki hata siku ya sikukuu. Ukisema "asilimia ishirini" anaziba masikio, kwake ni "moja ya tano!", kwa sauti ya mnada. Chai yake ni ya vijiko vitano vya sukari. Juzi, kesho yake nikiwa na mtihani wa kuajiriwa benki ulioniangusha mara tatu, muuza chai alilalamika sukari imepanda asilimia ishirini na tano. Mwalimu akatia vijiko vinne, cha tano akakirudisha koponi.

"Haya, Ranjana, gharama yangu ya sukari imepanda?"

"Hata chembe! Bei imepanda robo, nawe umepunguza moja ya tano!"

Akaruka kwa furaha, chai ikamrukia kifuani. Jana mtihanini swali likaja lilelile.

"Wewe binti, unacheka nini?" msimamizi akafoka.

"Kijiko, bwana."