Majina ya Waliocheza Mapiko

Nilikuwa mwalimu kijana mwenye kiherehere, na nalisema mapema ili nisije nikaonewa huruma. Miaka ile ya mwanzo wa sabini nilikuwa nafundisha Mtwara mjini, mtu wa bara nisiyejua hata salamu ya Kimakonde, nikajitia kichwani kwamba nitaandika historia ya mapiko. Haya ni maigizo ya Wamakonde. Mchezaji huvaa kichwani kinyago kiitwacho lipiko, hujifunika nguo mwili mzima, kisha humwigiza karani wa kodi, padri, jirani mgomvi, yeyote anayestahili kuchekwa. Watu wa ng'ambo ya Ruvuma walikuja nayo walipokuja kukata mkonge, na kila kambi ilikuwa na kundi lake na vinyago vyake. Waliocheza zamani walikuwa wanakufa mmoja mmoja na hakuna aliyeandika kitu. Basi nikasema nitaandika mimi.

Katika kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, nikampata mzee aliyecheza miaka thelathini. Alinipokea vizuri mno. Mkewe alinipikia, yeye akanisimulia, Jumamosi baada ya Jumamosi, na daftari langu likajaa. Sharti lake lilikuwa moja.

"Mwanangu, andika nyimbo. Andika vinyago, nani alichonga. Majina ya waliocheza nakutajia uyajue, lakini usiyaandike."

Maana wanawake, na watoto ambao hawajapita jando, hawatakiwi kujua nani yumo ndani ya kinyago. Kwao lile lipiko ni mzimu. Mtu akitajwa mbele ya mkewe kwamba alicheza, amevuliwa nguo hadharani. Hatacheza tena, wala wenzake hawatamkalisha ngomani.

Nikaitikia, "Sawa, mzee." Kisha nikaandika! Chuoni walinifundisha kwamba historia bila majina ni porojo, nami nikaona nimeelimika kuliko mzee wa watu. Kurasa za nyuma nikapanga orodha safi: jina, kijiji alikozaliwa ng'ambo, mwaka aliovuka, lipiko alilocheza na wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nililitafuta kwa bidii.

Ng'ambo kulikuwa na vita. Ndege za Wareno zilikuwa zikipita juu ya mashamba ya mpunga, na mgeni yeyote mwenye karatasi alitazamwa mara mbili. Jumamosi moja, saa nane mchana, mgambo wawili wakanisimamisha njiani wakapekua mkoba wangu. Daftari likafunguka kulekule nyuma.

"Orodha hii unampelekea nani?"

"Ni historia ya ngoma, ndugu."

"Ngoma ina haja gani na kijiji alikozaliwa mtu? Wareno wakiipata hii, ndugu zao waliobaki kule watasalimika?"

Lo! Haki ya Mungu, sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Wakanipeleka kijijini, uwanjani, mbele ya ghala la mpunga. Kijiji kizima kikaitwa, wanawake na watoto wakakaa mbele. Mzee wangu naye akaletwa akasimamishwa kando yangu, maana ndiye aliyenikaribisha. Kama mimi ni jasusi, yeye ndiye aliyewauza wenzake. Mkuu wa mgambo alikuwa mtu wa bara kama mimi, hajui mila za pale.

"Mwalimu asome mwenyewe, kila mtu asikie," akasema. "Ikiwa ni ngoma, waliotajwa watathibitisha. Ikiwa siyo, gari la askari linawachukua nyote wawili leo hii."

Nikamwomba, "Afande, nikusomee wewe na wanaume pembeni."

"Ahaa! Kumbe ina siri!"

Nikazidi kuzama. Nikimtazama mzee, naye ananitazama. Alikuwa ameshaelewa kwamba majina yamo. Hakufoka wala hakuniapiza, alivua kofia tu akaikunja mikononi. Ningeweza kukataa kusoma, tukapanda gari sote. Ningeweza kusoma, nikamvunjia heshima ya miaka thelathini mbele ya mkewe, aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka miguuni pangu. Niliogopa gari. Nalisema wazi, niliogopa gari, nikafungua ukurasa.

Jina la kwanza lilikuwa lake. Nikalisoma. Nikasoma kijiji chake na mwaka aliovuka. "Mwaka wa uhuru, kambini, alicheza..."

"Endelea!"

"Alicheza li..."

Mkewe akapiga ukelele. Akaruka, akakusanya kanga zake, akatimua mbio kuelekea migombani. Wenzake wote nyuma yake, vigori, vikongwe, wengine wamewakwapua watoto mikono ikining'inia. Kufumba na kufumbua uwanja ukabaki wa wanaume watupu.

Mkuu wa mgambo akashika bunduki. "Wanakimbia nini hawa?"

"Wamelikimbia lipiko," mzee mmoja akamjibu. "Likitoka, wanawake hukimbia."

"Lipiko gani? Mbona silioni?"

Nikasoma orodha yote, na kila niliyemtaja aliyekuwepo akaitikia, "Ndiyo, ni mimi." Mkuu akalichukua daftari, akalikagua, akanirudishia kwa hasira na kutuachilia. Mzee akanyoosha mkono, nikazichana kurasa zile mwenyewe nikampa. Akazichana vipande vipande, taratibu.

"Nenda salama, mwalimu," akasema. Lile neno "mwanangu" lilikuwa limekwisha, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikashika njia ya kurudi huku machozi yananilenga. Karibu na kisima nikamkuta mke wa mzee anateka maji, peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekosea."

"Najua, mama. Nisamehe sana."

"Sisemi hilo. Mwaka ule uliousoma, wa kambini, hakucheza yeye. Alikuwa na jipu gotini, nilimkanda mwenyewe wiki nzima. Alicheza mdogo wake. Yule akicheza hutua kisigino kwanza, mume wangu hutua vidole. Akakutajia jina lake mwenyewe kwa sababu hataki ijulikane kwamba alikosa hata mwaka mmoja."

Jumamosi zote zile nilimpita jikoni, nikamshukuru kwa ugali, nikaenda kuandika historia barazani. Sikumuuliza swali hata moja.

"Kwa hiyo mnajua, mama? Wote?"

Akanikazia macho mpaka nikatazama chini.

"Tujue nini?" akasema. "Sisi tunaogopa tu." Akajitwika ndoo yake, akaenda zake nyumbani kwa mumewe.