Mikono ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kuogopa watu, waulize wa kijijini kwetu Izigo. Lakini mle wodini Bukoba, pembeni ya kitanda cha binti yangu, niliogopa.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, sabuni adimu madukani. Binti yangu, bado mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuwa amepasuliwa tumbo, wakamtoa uvimbe wa saratani. Muuguzi akanionya: uvimbe tumeutoa, sasa adui ni vijidudu, na mwili wake hauna nguvu za kupambana navyo. Asiyenawa asimguse. Bandeji asiishike mtu. Basi nikailinda kama kuku na vifaranga.

Mama mkwe wangu akaja juu ya lori la kahawa, vumbi mpaka kwenye nyusi, na majani ya dawa amefunga kwenye jani la mgomba. Ukooni kwao dawa ya kidonda hutafunwa na mkubwa wa nyumba, akaitema palepale penye jeraha, na mate yake ndiyo baraka. Na mkamwana hamkatazi mama mkwe. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Nikapiga magoti kumsalimu. Yeye alikuwa ameshaanza kutafuna, mkono unakwenda kwenye bandeji. Nikaudaka.

"Mama, nisamehe. Hapo hupagusi. Asiyenawa hamgusi."

Akayatema majani kiganjani, akanitazama.

"Akifa, umemuua wewe."

Akaondoka. Jioni ileile mtoto akachemka mwili mzima. Jamani, hofu niliyoiona siku hiyo simwombei hata adui yangu. Nilifikiria kumkimbilia yule mama, nimwangukie miguuni, nimwombe majani yake. Muuguzi akanawa, akafungua bandeji, nami nikafumba macho. Akaniambia nitazame. Kidonda kikavu, safi. Walipompima damu wakakuta ni malaria. Nani aliwahi kushangilia malaria? Mimi nilishangilia.

Tuliporudi Izigo na mtoto mgongoni, majirani walikuwa wamejipanga kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kumwona, wananung'unika. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mbele yake beseni la maji na kipande cha sabuni ambacho mpaka leo sijui alikipata wapi. Nikapiga magoti, nikamsalimu. Nilipoinuka niingie ndani, akanidaka mkono.

"Na wewe nawa."