Mkunjo wa Mkwe

Agustina, mke wa Nyangwine, alichukua mkunjo wa Gati, namna yake ya kukunja nyaya, akausimamia mbele ya watu kana kwamba aliuzaa yeye. Watu wakampigia makofi. Kosa ni hilo, halina jina jingine, na lilifanyika mchana kweupe, kanisani, Gati mwenyewe akiwa ameketi benchi la tatu upande wa akina mama.

Gati ni mjane wa Kisyeri, mama yake Deus. Anakaa Manchira, upande wa chini wa bwawa, na umri wake umepita hamsini kwa hesabu ya dada zake. Shule hakuingia. Si kwamba haikuwepo. Baba yake, Nchagwa, alikuwa msokotaji wa kamba za katani za kufungia ndama, na kamba ikisokotwa lazima awepo mtu wa kushika ncha ya pili. Wenzake walipokuwa wakishika kalamu, Gati alikuwa ameshika ncha ya kamba.

Katika kushika huko alijifunza jambo moja. Kamba ukiizungusha upande ule ule tu inakasirika, inajipinda, inajifunga vifundo. Kwa hiyo Nchagwa alikunja duara la kwanza likimtazama, la pili akaligeuza kwa ndani likampa mgongo, la tatu likamtazama tena. Hilo la kinyume aliliita mkwe.

"Ni kama mimi nikikutana na bibi yako njiani," alimwambia binti yake. "Nikimwona tu mama mkwe wangu nageuka, natazama vichaka mpaka apite. Duara hili nalo lina adabu. Linageuka."

Kamba iliyokunjwa hivyo, ukishika ncha moja ukairusha, inalala chini imenyooka bila fundo hata moja.

Miaka tisa iliyopita kwaya ya kanisa lao ilipata vyombo: spika mbili, miksa, kinanda na maiki. Nyaya zote zikatiwa kwenye kiroba cha mbolea. Kila mazoezi yakawa yanaanza na watu wanne kukiinamia kile kiroba, wakivutana kama wanaochuna mbuzi. Joram, mwalimu wa kwaya, alizungusha nyaya kwenye kiwiko chake, akizivuta mpaka zinalia. Gati aliimba sauti ya pili kwa kukariri, maana kitabu hakikumfaa kitu. Alivumilia majuma matatu. La nne akasema:

"Mwalimu, unamnyonga."

"Namnyonga nani?"

"Huyo waya."

Wakacheka. Gati akauchukua waya, akaukunja kama kamba ya ndama, akaurusha kutoka madhabahuni kuelekea mlangoni. Ukalala umenyooka. Kicheko kikaisha.

Tangu siku hiyo chumba cha vyombo kilikuwa chake. Alipigilia misumari ukutani, kila waya na msumari wake. Kwa kuwa hajui kuandika, alichana kanga zake zilizochakaa akafunga vitambaa: kijani kwa waya wa maiki, bluu kwa waya wa kinanda, njano kwa waya wa spika. Cheusi alikichana kwenye gauni alilovaa katika msiba wa Kisyeri. Hicho kilikuwa cha waya mgonjwa, usioguswa mpaka auone Athuman, fundi redio wa Mugumu.

Athuman alilalamika kila alipokuja. "Mama Deus, unataka mimi nifunge duka? Mwaka mzima mgonjwa mmoja tu!"

"Nenda kwa wanaokunja kwenye kiwiko," Gati alimjibu. "Huko ndiko shamba lako liliko."

Maneno hayo ya Athuman yalikuwa matamu kwake kuliko nyama. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake alikuwa anamnyima fundi kazi.

Halafu akaja Agustina. Aliolewa kutoka Tarime, amesoma mpaka kidato cha nne, ana sauti nzuri na hababaiki mbele za watu. Gati alimfundisha kukunja, jioni tatu, akimshika vidole kimoja kimoja. Mwanamke yule alielewa upesi, na upesi huo ndio uliomchoma Gati kwanza. Yeye kwa baba yake alichukua masika mawili. Hata hivyo alimpa na neno la mkwe, na Agustina alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni ya tatu Agustina alishika vitambaa kwa ncha za vidole. "Mama, haya matambara tusiyaondoe? Wageni wataona kama tumefunga mafurushi ya nguo."

Joram hakungoja Gati ajibu. "Kweli kabisa, dada Agustina. Twende na wakati."

Juma lililofuata kila waya ulikuwa na karatasi nyeupe imezungushiwa solotepu, imeandikwa kwa herufi kubwa. Vitambaa vilikuwa kwenye ndoo ya kudekia. Gati alikiona kipande cha gauni lake la msiba kikielea kwenye maji ya matope. Akatazama ukutani. Kusoma hakujua, lakini nyaya alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Ule mgonjwa, uliokuwa na kitambaa cheusi ukimngoja Athuman, ulikuwa umetundikwa msumari wa kwanza, ule wa waya wa waimbaji wakuu.

"Hapa umeandika nini?" aliuliza, akiugusa ule mgonjwa.

"Maiki namba moja, mama."

Gati aliuacha pale pale ulipotundikwa. Wanaojua kusoma, alijiambia, na wasome.

Ikafika siku ya ugeni. Kwaya ya Robanda ilikuja na mzee wao Kornelio, mtu mwenye kitambi na sauti ya kuita ng'ombe. Alipoingia tu akasimama akitazama sakafu, mahali nyaya zilipolala zimenyooka kutoka kwenye miksa hadi kwenye spika.

"Jamani! Sisi zetu ni utumbo wa mbuzi. Hapa nani anakunja?"

Gati alijifunga kitenge vizuri. Alikuwa amekwisha kuinuka nusu.

"Dada Agustina," Joram akaita, "hebu waonyeshe."

Agustina akapanda mbele na waya mkononi. Duara la kwanza. La pili. "Hili la kinyume linaitwa mkwe," alisema, "kwa sababu linageuka kama mwanamume aliyekutana na mama mkwe njiani." Kanisa zima likaangua kicheko. Kornelio alijipiga paja.

"Binti, hiyo umeitoa wapi?"

Agustina aliwatazama watu. Macho yake yalipita benchi la kwanza, la pili, yakafika la tatu. Hayakusimama.

"Nimebuni tu, mzee."

Makofi yakalipuka. Joram akatoa ufunguo wa chumba cha vyombo, akamkabidhi Agustina hapo hapo mbele ya wageni. Gati naye alipiga makofi. Usipopiga, wenzako wanakuona.

Wimbo wa wenyeji ulianza, na ubeti wa pili ulikuwa wa Agustina peke yake. Akashika maiki namba moja. Neno la kwanza likatoka, la pili likakatika, la tatu likawa mkwaruzo kama wa mtu anayekoboa mahindi kwenye sikio lako. Wageni wakatazamana. Agustina alipiga maiki kwa kiganja. Mkwaruzo ukazidi.

Utamu ulimpanda Gati kutoka tumboni mpaka kooni. Miaka tisa hajawahi kusikia muziki mzuri kama ule.

Agness, jirani yake kwenye benchi, alimgusa begani. "Mama Deus, si uende?"

"Mwenye ufunguo yupo."

"Wewe nawe!"

"Mimi nini? Mimi nimekuja kusali."

Angekaa hapo mpaka wimbo ufe. Aliamua hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Agustina, kwa kuchanganyikiwa, aliuchomoa waya akaanza kuuvuta kwa nguvu, huku akiuzungusha kwenye kiwiko. Kwenye kiwiko! Gati aliuona waya ukijipinda na kukaza, kama ndama anayeburutwa kwa shingo, na miguu yake ikasimama bila kumuuliza.

"Acha! Mwachie!"

Alipita katikati ya watu, akamnyang'anya waya, akaulaza pembeni. Akaingia chumbani. Mikono yake ilipita kwenye misumari, ikibonyeza kila waya pale karibu na kichwa chake cha chuma, mahali unapovunjika kwa ndani. Mzima unarudisha nguvu kidogo. Mgonjwa unalegea kama mguu wa kuku uliovunjika. Alitoka na waya mzima, akaurusha mara moja, ukalala umenyooka mpaka miguuni pa Agustina. Wimbo ukaanza upya, na ulikwenda vizuri.

Ulipokwisha, Joram alishika maiki akiwa ametabasamu mpaka meno ya nyuma. "Tumshukuru dada yetu Agustina. Tatizo limetokea, amelitatua haraka. Huo ndio utunzaji wa vyombo!"

Makofi tena.

Wageni walipokuwa wakila, Gati alikuwa nyuma ya jiko akisugua masufuria. Agustina alimfuata huko, akikunjakunja ncha ya kitenge chake.

"Shikamoo mama."

"Ulikwisha kunisalimia asubuhi."

"Nimekuja kusema asante."

"Kwa lipi?"

"Kwa ule waya." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kile kitambaa cheusi kilikuwa na maana, sivyo? Hukuniambia."

"Uliniuliza? Ulisema ni matambara."

"Lakini ulijua, mama. Uliniacha niaibike."

Gati aliweka sufuria chini. Uongo hakuutaka. "Nilijua. Nilikuacha. Hilo ni langu, na nimekwisha kukuambia, sijalificha. Sasa leta lako."

"Nisamehe, mama."

"Hapa nyuma ya jiko? Ulinichukulia mbele za watu. Nirudishie mbele za watu."

"Jumapili nitasema. Haki ya Mungu."

Jumapili kumi na moja zimepita. Agustina ana ufunguo. Gati bado hukaa benchi la tatu, na ibada ikiisha huchelewa kutoka, anajifanya anatafuta kanga yake, ili atazame mikono ya yule mwanamke ikikunja. Anangoja ikosee. Haikosei. Duara moja linamtazama, moja linageuka, sawasawa kama alivyofanya Nchagwa, na hilo ndilo linalomnyima Gati usingizi: kwamba anakunja vizuri, na vidole vile ni kazi ya mikono yake.

Ufunguo Gati hautaki tena, wabaki nao. Joram anadaiwa kumtaja jina pale alipomshukuru mtu asiye yeye. Agustina, mke wa Nyangwine, anadaiwa maneno machache, ayaseme kwa maiki, akiwa amesimama: mkunjo huu nilifundishwa na Gati, na mkwe ni neno la baba yake. Hata wimbo wa kuingilia ni mrefu kuliko hayo.