Tambi za Samaki

Nikichemsha tui na mchaichai jikoni kwangu hapa Nizwa, Omani, harufu hunirudisha kwenye soko moja la vyakula Malaysia, ambako baba alitupeleka likizo nilipokuwa mdogo. Mvuke ulitulowesha nyuso, pilipili za kukaangwa zikatuwasha macho. Baba akatuagizia mabakuli ya tambi zenye mchuzi mwekundu wa tui na vipande vya samaki juu.

Bibi, mama yake baba, akanidaka mkono. "Usitie mdomoni! Tambi na samaki, wapi umeona?"

Kwetu tambi zilipikwa kwa sukari na hiliki.

"Mama, hawa Waislamu wenzetu," baba akasema.

"Wamesema wao. Mwambie asome Alhamdu."

Baba, kwa haya, akamwomba mama muuzaji. Mama wa watu akaweka upawa chini, akaisoma yote bila kukosea. Bibi bado hakuridhika. Akalinusa bakuli lake, akachovya ncha ya kijiko, akalamba.

Akachota tena, kijiko kizima, na hakukiweka chini mpaka bakuli likawa tupu. Langu lilikuwa linapoa, maana hakuna aliyenipa ruhusa.

Bibi alizaliwa Unguja, lakini nyumbani hakuitaja kamwe. Ukimuuliza, hugeuza maneno. Sasa alimkazia macho yule muuzaji, kisha akamgeukia baba.

"Muulize huyu," akasema, "mchuzi wa mama yangu, wa kule Unguja, kaupata wapi?"