Mama wa Kibao Anayewabebesha Wasafiri Mawe

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya Pasaka. Nolusapho Mdunyelwa anageuza kibao chake upande mwekundu, na pikapu nyeupe iliyosheheni magodoro na kuku inafunga breki mbele ya buti zake.

"Mnaenda au mnarudi?" anauliza, salamu baadaye.

"Tunaenda, mama. Cape Town."

"Haya, shukeni. Kila mtu na jiwe lake."

Dereva anadhani anataniwa. Hataniwi. Punde yeye, mkewe na shemeji yake wanavuka barabara, kila mmoja kakumbatia jiwe kutoka kwenye rundo la zamani kama aliyepewa mtoto wa jirani ambebe. Wanapita duka la zamani lililozibwa madirisha kwa mbao, wanapita pampu ya petroli iliyoota kutu, wanapanda kidogo hadi penye kigingi chekundu, mahali pa rundo jipya. Hapo kila mmoja anatema mate kwenye jiwe lake, ananong'ona lake, analitupa. Kisha mbio garini, maana kibao kimeshageuka kijani.

Nolusapho ana miaka arobaini na tisa. Hapa kila mtu anamwita MaMiya, kwa jina la ukoo wake. Kazi yake ni kusimamisha magari kwenye matengenezo ya barabara ya zamani inayopanda kutoka Cala, kwa randi 210 kwa siku, mkataba wa miezi sita. Hili la mawe halimo kwenye mkataba.

"Wakinifukuza wanifukuze leo jioni," anasema. "Asubuhi nina kazi."

Kona hii ya Qolweni zamani ilikuwa kituo. Mabasi ya kupeleka wanaume migodini yalisimama hapa, na MaMiya aliwauzia abiria maandazi na mahindi ya kuchemsha kwa miaka kumi na saba. Kila aliyekuwa anaondoka alishuka, akaokota jiwe kando ya barabara, akalitemea mate na kulitupa kwenye rundo, akaiomba njia impeleke na imrudishe.

"Mume wangu alitupa kila Januari," anasema. "Na kila Desemba alirudi. Amefia kitandani kwake, nimemfumba macho mimi mwenyewe. Wenzake walioanza kupita njia ya bondeni, wengine hatujui hata walikozikwa. Sasa mtu aniambie hayo ni mawe tu!"

Njia ya bondeni ndiyo iliyoimaliza Qolweni. Ilipowekwa lami, mabasi yalihamia huko, duka likafungwa, pampu ikakauka. Waliobaki kupita ni malori ya mbao, wenyeji, na wale wazungukaji wa likizo wanaopiga picha vitu vinavyokufa. Mwaka huu lami imekuja huku nayo, ila kona inanyooshwa, na rundo limekaa katikati kabisa ya njia mpya.

Kwenye mkutano wa kijiji, fomeni wa mradi, Ravi Govender, mtu wa Durban, alisema jambo ni dogo. "Nipeni nusu saa na mtambo mmoja wa kijiko. Nitawahamishia."

Sauti ya MaMiya ikatoka nyuma: "Hicho kijiko kinasafiri kwenda wapi?"

Watu walicheka mpaka Govender akacheka nao bila kujua anacheka nini. Ikabidi aelezwe. Jiwe la pale hulitupa msafiri tu. Mkaa nyumbani akiligusa, anaigusa safari ya mwenzake. Hata kuyahesabu hakuna anayethubutu. MaMiya ndiye aliyefikiria njia ya kutoka: kama aliyeliweka ni msafiri, basi atakayelinyanyua awe msafiri. Hakuna aliyekuwa na wazo bora. Govender akakuna kidevu, akawapa mpaka Jumanne baada ya Pasaka, saa moja asubuhi.

"Baada ya hapo," alisema, "ni kokoto."

MaMiya alianza Jumatano, magari yalipokuwa yanamiminika. Magari sita yalibeba bila shida. La saba lilikuwa la kijana wa Rustenburg, akakunja mikono.

"Mama, mimi nimeshafika," alisema. "Lile paa la kijani pale ni la mama yangu. Unataka nianze safari upya?"

MaMiya aliona aibu mpaka masikioni. Katika haraka yake alikuwa amewabebesha watu wanaorudi! Kwenye redio koli, Phumeza, mwenzake anayeshika kibao cha upande wa pili, hakumwonea huruma.

"MaMiya, yaani umewafukuza watu kabla hawajaonja hata nyama!"

"Nyamaza wewe, simamisha magari yako."

Watu wa magari yale sita waliitwa wakayahamishia mawe yao kwenye ngazi za duka, mbali na rundo jipya, yawasubiri mpaka wapite tena wakienda. Kuanzia hapo likawa swali la kwanza kwa kila gari. Na kwa kuwa wiki ile karibu wote walikuwa wanarudi nyumbani, rundo lilikaa vilevile. Alhamisi, dereva mmoja wa lori la mbao. Ijumaa, mchungaji na kwaya yake. Jumamosi na Jumapili, karibu hakuna. Govender alikuwa akipita na gari lake, anatazama rundo, anatazama saa.

Ndiyo maana leo MaMiya hana muda wa kukaa. Leo ndiyo siku wote waliokuja wanapoondoka, na kesho asubuhi kijiko kinawashwa.

Kufikia saa nne foleni imefika kwenye daraja. Baba mmoja mwenye kitambi anateremsha kioo nusu.

"Mama, nina mgongo."

"Mgongo huo jana kwenye nyama haukuuma? Chukua dogo."

Analichukua dogo. Akirudi amebeba uso mwingine kabisa.

Mke na mume kutoka Gqeberha, wenye gari kuukuu la kulala ndani, wameshapiga picha pampu, duka na tangazo la soda lililopauka. Sasa wanamwelekezea kamera MaMiya. Anawakatiza kwa mkono.

"Mikono yenu ina nafasi ya kamera? Basi ina nafasi ya jiwe. Mkimaliza, pigeni mpaka mchoke."

Mume anauliza aseme nini akilitupa. MaMiya anamwambia aseme anachotaka, njia haina haraka. Yule bwana anasimama pale muda mrefu kuliko wote, mpaka mkewe anamfuata kumshika mkono.

Mwandishi huyu naye hakuachwa.

"Na wewe?"

"Narudi Mthatha, mama."

"Mthatha ni kwenu?"

"Kazi iko Mthatha. Kwetu Tsomo."

"Basi hurudi, unaenda. Beba."

Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Kijana wa Rustenburg anapita saa saba, macho mekundu ya kuagana. Hasubiri kuambiwa. Anabeba mawili, moja kwa kila mkono, na MaMiya anamfuata mpaka kwenye kigingi, amtengeneze kola ya shati.

Jioni foleni inakatika, na ngazi za duka ziko tupu. Yamebaki mawe ya chini kabisa, na wanaume wa basi la kukodi, la mwisho kupita, wanayabeba wawili wawili kwa blanketi. Basi linaondoka. Limebaki moja, kubwa kama sufuria ya makande ya msibani, limezama nusu kwenye udongo. Hakuna gari jingine.

Jumanne, saa moja kasorobo. Zwelibanzi Gxabhu, dereva wa kijiko, ambaye wote humwita Jola, anawasha mtambo. Wanakijiji wamejipanga kando, blanketi mabegani. Govender yupo na saa yake.

Jola anatazama lile jiwe. Anauzima mtambo, anateremka.

"Kwetu Lusikisiki," anasema. "Tangu Januari nalala kwenye kambi ya mabati. Kama mimi si msafiri, nani msafiri?"

Analizungushia mikono, anavuta. Jiwe linatoka udongoni, lakini kunyanyuka halinyanyuki. Anavuta tena mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Linataka wawili."

Watu wanatazamana. Jola anamtazama fomeni.

"Mimi niko kazini," anasema Govender, na anaonekana kama angependa kusema vingine.

Hapo MaMiya anampa Phumeza kibao. Anavua kizibao chake cha rangi ya chungwa, anakikunja, anakiweka chini.

"MaMiya, unafanya nini?" Phumeza anafoka. "Wewe huendi popote!"

"Naenda."

"Wapi?"

"Cape Town. Kwa Nomfusi."

Nomfusi ni binti yake, yuko Khayelitsha, ana mtoto wa miezi minane ambaye bibi yake hajamwona. Kila mwezi anapiga simu kumwita mama yake, na kila mwezi kuna sababu: kuku, mvua, kazi.

"Kusema kweli nilikuwa naogopa," ananiambia baadaye. "Miaka yote nimewaaga watu hapa, mimi mwenyewe sijawahi kulala nje ya wilaya hii. Najua kuaga. Kuagwa sijui."

Wanalibeba, Jola upande huu, MaMiya upande ule, wanapumzika mara tatu. Govender anawatangulia, anauinua utepe wa mradi ili wapite chini yake. Saa moja imeshapita. Anaivua saa yake na kuitia mfukoni.

MaMiya anatema mate kwenye jiwe. Ananong'ona lake, kisha wanaliachia, na analia mbele ya watu wote wala hajifichi.

Sasa lazima aende. Aliyetupa jiwe haendi kukaa nyumbani. Mkataba unaisha tarehe thelathini, na tiketi ameshakata ya tarehe tatu Mei. Kuku amempa Phumeza awatunze, kwa masharti mengi.

Lakini kuna jambo linamsumbua, na ananiuliza kwa kuwa mimi nimefika huko.

"Huko Khayelitsha kuna rundo? Siku nikitaka kurudi huku, nitatupa wapi?"

Namwambia sijawahi kuliona.

Anakung'uta vumbi mikononi.

"Basi nitaanza mimi, mlangoni kwa mwanangu."

"Majirani watakushangaa, mama."

"Wanishangae nini? Si wote wametoka huku? Nitawaambia na wao waokote la kwao."